Papa yangu na batoto makumi tatu na ine

Tantine Annie mupendwa, unipatie kapahali mu ukurasa yako ya barua, juu roho yangu inaelea tangu siku kumi na sijue nitaishusha wapi. Mi naitwa Mwelwa, niko na miaka makumi mbili na saba, natumika ku biro ya paroisse yetu hapa Lubumbashi, kazi yangu ni kuingiza mabuku ya ubatizo mu ordinatere, ile kompyuta ya biro, na ni kazi ya polepole, Tantine, jua ya muchana inapita mu dirisha ya rangi, makaratasi inageuka bulu na nyekundu, majina ya bantu benye sikuonaka hata siku moja inapita mbele ya macho yangu moja moja, hata nasahau chai inapoa.

Niko na ma tableau mbili, ni orodha, moja ya benye kubatizwa, kila mumoja na jina ya papa yake, na ingine ya bapapa. Padri akaniambia, "Mwelwa, unganisha hizi mbili, nione kila papa na batoto yake." Nikaunganisha, kisha juu ya furaha tu nikatafuta fiansé yangu Ruphin, juu ndoa yetu inatangazwa ku misa ya siku ya Mungu inayokuja na nilitaka kuona jina yake karibu na yangu. Nikaona, Tantine! Papa ya Ruphin, Kabwe Symphorien. Papa yangu, Kabwe Symphorien!

Papa alikufaka, sitamuuliza tena. Alikuwa muntu ya kimya, anaendesha train, anapoteza juma nzima kule Kabalo, na njo Kabalo Ruphin alizaliwaka, akabatizwa huku na miaka saba. Jina papa alipewa na nkambo, babu yangu, ni ya ule katekista mwenye alifundisha bantu yote ya reli, jina ya heshima, na mi nilikuwa naipenda sana. Sasa ordinatere inamuhesabia batoto makumi tatu na ine, mukubwa alizaliwaka 1951, na papa mwenyewe ni wa 1958. Usiku naotaka bote beko ku meza yetu, kila mumoja na macho ya papa, na Ruphin ananipitishia chumvi.

Simu yake sijibu. Akikuja kubisha pa biro, naingia mu sakristia nangojea aende. Mama naogopa kumuuliza. Niache ndoa? Namupenda, Tantine, hata mukono yake pa bega yangu naisikia saa hii naandika.

Mwelwa, Lubumbashi

*

Mwelwa mutoto yangu, pole, lakini acha nicheke kwanza. Papa wa 1958, mutoto wa 1951! Alizaa mbele ya kuzaliwa, na we ukaona sawa tu, ukaenda kulia? Aye, mapendo!

Mbele ya huu ukurasa nilitumikaka miaka kumi na mbili na mafishe, kadi ya bagonjwa, ku hospitali, hii kosa yako naiyua. Uliunganisha ma tableau na jina. Na jina, kwetu huku! Wewe mwenyewe unaniandikia bantu yote ya reli balifundishwa na katekista mumoja. Unafikiri ni nkambo yako peke yake njo alipatia mutoto ile jina? Ba Kabwe Symphorien bako bangapi mu tableau ya bapapa? Haukuangalia. Kila mumoja wao alikusanya batoto ya bote, na papa yako, maskini, akabebeshwa nyumba za bengine.

Mu mabuku kila papa iko na numero yake, na inaandikwa tena pembeni ya jina ya mutoto. Unganisha na numero, na jina uiache. Tena, usiombe ordinatere itoe tu bale benye kupata papa. Omba bote batokee, hata mwenye hana. Kama papa ya Ruphin hakuandikwa mu paroisse yenu, pahali yake itatokea mutupu. Mutupu ni mutupu, mama! Usimuweke papa yako pale.

Na kama numero inasema kweli ni papa mumoja? Hapo utaenda kwa mama yako, utamuuliza macho kwa macho, na ndoa itaachwa. Sitakudanganya. Lakini hiyo inakuja kisha, na kwa barua yako mi sioni hata alama moja ya hiyo.

Kitu kimoja kinanikasirisha. Umeniandikia juu ya papa ya Ruphin mistari yote hii, na hakuna pahali umeandika ulimuuliza Ruphin. Muko karibu kuoana na hauyue papa yake ni nani! Siku kumi unauliza ordinatere, na muntu mwenye anayua iko pa mulango anabisha, anafikiri haumupendi tena. Leo akibisha, mufungulie.

Tantine Annie