Hondohondo wa Kule Mahameni

Mpendwa Baba Stella,

Leo tena kumekucha kimya. Miti ya karibu tuliimaliza kwa nguzo za nyumba za kijiji hiki cha ujamaa, na hondohondo hawana pa kutua.

Unakumbuka kule kwetu, upande wa Kaoze, nilipokuja kwako mwali? Walikuwa wanatua kundi zima kwenye mninga nyuma ya jiko: wadogo, wa kijivu kama majivu ya jana, mstari mweupe juu ya jicho, mdomo uliopinda, mkubwa kama unauzidi mwili. Kwangu wote walikuwa sawa. Ukanishika bega: "Tazama midomo. Mweusi wenye mchirizi mweupe ni dume. Wenye ncha nyekundu ni jike."

Mwaka wa operesheni ya kutuhamishia vijijini, jike alikuwa amejifungia katika tundu la mninga ule. Alikuwa ameziba mlango kwa udongo, ikabaki nafasi ya kupitisha ncha ya mdomo, na dume akimletea panzi kutwa. Katibu wa kijiji akaamuru mninga ukatwe, upatikane nguzo. Wewe ukasimama shinani.

"Ndugu Katibu, nguzo nitatafuta porini. Humu mna mzazi."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, kwa hofu. Mti ukaachwa, lakini nyumba yetu iliezuliwa siku hiyohiyo, tukapandishwa lori, Stella akilia na kuku wake mapajani.

Mvua zilipoanza ulirudi kule kwa miguu. Mgambo wakakukamata njiani ukirejea, wakidhani umetoroka kijiji, wakakuweka ofisini hadi jioni. Ukaingia ndani umelowa chapachapa, unacheka.

"Nimewaambia nilikwenda kuwajulia hali majirani. Mama Stella, vifaranga wametoka! Mmoja mdomo bado mfupi, anaruka kama mlevi."

Tangu tuhamishwe, sikuwa nimekusikia ukicheka.

Sasa Stella anasoma Sumbawanga, kwa masista. Nawe tumekuzika hapa, mbali na wazee wako, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Juzi nilisonga tena ugali wa sisi watatu, jirani akachungulia jikoni. "Mama Stella, ugali wote huo! Una wageni?"

Nikasema ndiyo. Nikafunga mlango, nikala peke yangu. Asubuhi nikawapelekea watoto wake uliobaki, nikamwambia wageni wameondoka mapema.

Udongo huu wa ugenini ukupokee kama mwenyeji, mume wangu.

Mkeo,
Mama Stella