Amparo wa El Surco, Bado Hatujamsamehe

Jumapili, tarehe 9 Februari. Baridi ni kali leo. Ukungu umelala juu ya mashamba ya tufaha na matawi yameganda.

Amparo, wiki hii mwaka umetimia tangu gari lako liteleze kwenye theluji ya mlimani, likiwa na magazeti ya Alhamisi. Mungu alikuchukua wewe, magazeti akayaacha makavu. Tuliyagawa kabla ya kukuzika, maana tulijua ungetugombeza.

Ulianzisha gazeti la El Surco jikoni, kurasa nne za Kihispania kwa wachumaji wa tufaha ambao hakuna aliyewaandikia kitu isipokuwa amri. Magazeti uliyapeleka mwenyewe kwa wauza mikate ya tortila, kwa madobi, kwenye ngazi za kanisa. Mtu akisema hajui kusoma, ulimwambia, "Basi chukua mawili, moja la atakayekusomea." Mumeo, Eleuterio, ulimwambia hivyo hivyo, kisha ukampeleka darasa la jioni la parokia. Maneno haya ameyaandika kwa mkono wake.

Ulipochapa habari za wanawake walioanguka shambani baada ya dawa ya wadudu kupulizwa, wenye mashamba waliwaka. Rafiki yao Abundio Lizárraga, mwenye maduka, alinyamaza. Huyo ni kumpadre wetu, nawe ulikuwa kumadre wake, kwa kuwa ndiye baba wa ubatizo wa binti yetu Yaretzi. Lakini wiki ile magazeti yalitoweka kila mahali kabla ya watu kuamka.

Mama yako, Doña Otilia, ndiye aliyemgundua. Alinunua mshumaa wa Bikira dukani kwake, akakuta gilasi ya mshumaa imefungwa kwa karatasi za El Surco la wiki ile ile.

Hatusahau ulivyoingia pale. Ulilinyoosha gazeti juu ya kaunta, ukawasomea wateja habari yote.

"Kumadre, unanitia aibu mbele ya watu!"

"Umejitia mwenyewe, kumpadre. Nyamaza, sijafika ukurasa wa pili."

Hapo ndipo Lizárraga alipozungumza na mwenye mtambo wa kuchapa wa hapa mjini, nawe ukafungiwa mlango. Ndiyo maana ukawa unavuka mlima kila Jumatano kwenda kuchapisha upande wa pili. Tunasema wazi: barafu ilikuangusha, lakini yeye ndiye aliyekutuma njia ile.

Msibani alileta shada kubwa kuliko yote. Tulilirudisha. Alituma tangazo la rambirambi la ukurasa mzima tulichape gazetini, kama desturi ya wenye biashara. Tulichapa fremu ya tangazo hilo, nyeusi, na jina lake chini, katikati tukaacha peupe. Bonde zima lilielewa. Tangu toleo hilo hatujachapa tena.

Padre anatuhimiza tusamehe. Tumepiga magoti mwaka mzima. Baba Yetu inakwenda vizuri mpaka mahali pa kuwasamehe waliotukosea, kisha ulimi unagoma. Mungu anatuona, hatumfichi.

Leo baada ya misa yako, tukiwa ukumbini na tamale za mahindi na chokoleti ya moto, Lizárraga alikuja.

"Kumpadre Eleuterio, gazeti limekwenda na marehemu. Niuzie jina, nilifufue. Nitaandika mambo mazuri tu."

Kabla mumeo hajamjibu, Yaretzi akaweka kikombe chini, akamwendea mzee huyo na kuinamisha kichwa.

"Baba wa ubatizo, nibariki. Kuna kazi naianza."

Nani anamnyima mtoto wake wa ubatizo? Lizárraga akatabasamu, akamchorea msalaba kwenye paji la uso. "Mungu akusimamie, binti yangu."

"Amina." Akageuka, akatutazama mmoja mmoja: bibi yake Otilia, baba yake Eleuterio, mjomba wake Fidencio, shangazi yake Ramona, na parokia nzima.

"Mmesikia wote, amenibariki. Sasa msikie na hili. Alhamisi El Surco linatoka. Habari ya kwanza ni ya mishumaa yako, baba wa ubatizo, na jina lako liko juu. Nitakuja kukusomea dukani, mbele ya wateja, Alhamisi hii na kila Alhamisi. Mama yangu hatutamsahau kamwe, na naapa mbele ya hawa wote, wewe hatutakuacha umsahau."