Kibao cha Salamu

Yaya, kaka yangu mkubwa,

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hupokei. Waliokupigia makofi Lubumbashi nao wasome.

Unakumbuka tulivyoanza? Uliokota mabaki ya mbao kwa mafundi wa mitumbwi, ukayapiga msasa mpaka yasichome vidole vya watoto wangu wa materneli, wale wadogo ninaowafundisha. Kila kibao ulikichonga amri moja: nenda, geuka, chukua, weka. Watoto walivipanga chini kwa mstari, kisha mwenzao mmoja, ndiye mashine, akatembea uani akitii vibao tu. Akigonga ukuta, wanapanga upya. Ulisema huko ndiko kufundisha kompyuta bila kompyuta, nami nilikuamini.

Siku mashine ilipotumwa kupeleka maji jikoni, Furaha, binti wa mama muuza ndakala, dagaa wa ziwani, alikataa kuipitisha. "Hawezi kupita mbele ya mama wa jikoni bila kumusalimia," alisema, akakalia kibao cha nenda. Ulicheka mpaka ukafuta machozi. Kesho yake ulileta kibao kipya cha salamu, viganja viwili vimekutana, na tangu hapo hakuna mtoto aliyepanga safari bila hicho.

Kisha ukaomba seti yote ukaionyeshe kwa watu wa mradi wa shule kule Lubumbashi. Ilikuwa moja tu. Nilikufungia mwenyewe ndani ya kitenge changu.

Kilichorudi ni sanduku la plastiki lenye picha yako juu. Lina mishale ya rangi, linasema Kifaransa, na bila umeme haliamki. Umeme wa mtaa wetu unaujua. Nilipokuuliza kibao cha salamu kiko wapi, ulinijibu: "Salamu inachelewesha mashine, njo maana tuliitosha, tuliitoa kabisa." Na vile vya mbao? Ukasema vilitupwa mlipohama biro, ofisi yenu ya kule. Ulisema hivyo kama mtu anayetaja maganda ya mihogo.

Nina hasira, yaya. Watoto waliotufikia kutoka Katanika, kambi ya waliokimbia vita, hawajui Kifaransa. Wanakaa mbele ya sanduku lako wamefunga mikono. Nawe unaambia redio kwamba wazo lilikujia ukiwa peke yako mezani.

Nimeanza kuchonga. Vibao vyangu vimepinda, kisu kimenikata kidole, lakini watoto wanavipanga na wanagombana juu yake, ndivyo ninavyotaka. Ukirudi Kalemie, nyumbani karibu. Mama atakukaangia samaki wetu wa mikebuka, nami nitakuwekea maji ya kuoga. Darasani kwangu usikanyage.

Ni mimi mdogo wako, wa tumbo moja.