Joho la Jaji Spiru

Birgu, Malta

Kaka Wistin,

Sisi wazima. Sungura wamezaa, paa halivuji tena, na asante kwa picha za watoto. Kwenye simu nililia tu, sikuweza kukueleza Baba alivyotutoka.

Uliniandikia nimfukuze Jaji Spiru. Sikumfukuza, na namshukuru Mungu. Ndiyo, ndiye aliyemtia Baba ndani wakati wa mgomo wa bandarini, kisa Baba alikataa kumwita mheshimiwa. Lakini alipostaafu aliingia shirika la mashujaa wa msalaba, wale wa kanisa wanaohudumia wagonjwa, na kwao mgonjwa ndiye bwana na ndivyo anavyoitwa. Kila Ijumaa alikuja kumnyoa na kumbadilisha nepi.

“Bwana wangu, geuka kidogo.”

“Sema tena, sijasikia!” Baba alikuwa akimjibu, nami jikoni sina mbavu.

Ijumaa iliyopita alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, amevaa joho jeusi la shirika, lile wanalozikwa nalo. Akamkuta Baba anatetemeka. Akalivua, akamfunika.

“Sasa Spiru, ndugu yangu,” Baba akasema, “na wewe si utapata baridi?”

Hakusema neno jingine. Alifia ndani ya joho hilo, usingizini.

Nilitaka kulitoa nikalifue, Jaji akanishika mkono. “Mwache nalo, mwanangu.”

“Na wewe Mzee, utazikwa na nini?”

Akapangusa macho, akacheka. “Nikifika huko, ndugu yangu ataniazima.”

Dada yako akupendaye,
Dolor