Gari Ulilomletea Baba

Nyumbani, chumba cha kushonea
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Hujambo huko ng'ambo uliko? Kile kikohozi kilikuacha, au bado mnalala kitanda kimoja? Na unakula? Usinijibu kwamba unakula, nakujua mimi. Wewe ni mtu wa chai na mkate, tena umesimama. Nunua sufuria kubwa, mdogo wangu, na ujifunze kukaa kitako ukila.

Sisi huku tunashukuru. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa wowote, kwa hiyo nyumba imechangamka. Mimi kazi ipo, msimu wa sare za shule umeanza na vitambaa vimejaa mpaka kitandani. Macho yameanza kunigomea, nikitaka kutunga uzi lazima nitoke nje kwenye mwanga. Baba nitakueleza. Yeye ndiye sababu ya barua hii, lakini niache kwanza nivute pumzi.

Najua utashangaa kwa nini nimekaa na kalamu wakati simu ipo. Kwanza, simu zangu hupokei siku hizi. Pili, hata ungepokea, nyumba yetu unaijua: nikipiga chafya humu chumbani, Baba ananiambia "afya" akiwa sebuleni. Haya ninayokuandikia hayafai kusikika. Ndiyo maana nitampa mwenzako wa kazini aliyekuja likizo, akuwekee mkononi mwenyewe.

Mdogo wangu, najua ulivyoumia Baba alipokwambia umemletea jeneza lenye magurudumu. Nilikuwepo, nilikuwa napiga pasi, na mkono ulisimama hapohapo mpaka shati la mteja likataka kuungua. Najua pia ulivyohangaika kulipata gari lile. Kama ni mimi, nami ningenuna. Lakini soma mpaka mwisho, kisha uzichukue tena hasira zako kama bado utazihitaji.

Wewe unajua mapenzi ya Baba na ile kampuni iliyounda gari lako. Tulikua tukisimuliwa habari zake kama habari za ukoo. Eti kule Japani palikuwa na bwana mmoja, fundi wa miavuli, aliyechoka kumwona mkewe akishona kwa mkono, akamtengenezea cherehani. Cherehani kikazaa pampu ya maji, pampu ikazaa pikipiki, pikipiki ikazaa kigari cha magurudumu matatu cha kubebea mboga, na hicho ndicho kilichozaa teksi. Nusu ya hayo sijui aliyatoa wapi, na mengine nina hakika aliyatia chumvi, maana kila akisimulia, mke wa yule bwana alizidi kuwa mzuri.

Chumvi au si chumvi, cherehani hiki cha Mama ninachoshonea leo ni cha kampuni hiyo, na teksi zote alizoendesha Baba kutulisha ziliundwa nayo. Uliposema utamletea gari, Baba hakuuliza rangi wala ukubwa. Aliuliza, "Ni la kwetu?" Ulipomwambia ndiyo, akaenda kunyoa ndevu.

Mwanzoni alilipenda hata Mama akaona wivu. Kisha akaanza kulalamika kwamba breki haishiki. Aligonga geti. Baada ya hapo akapanda juu ya beseni la nguo za Mama, likapasuka na nguo zikiwa ndani. Kila mara ni breki. Na wewe unamjua Baba, jambo haliwi dogo kwake. Akalipeleka kijiweni kwa madereva wenzake, na huko ikawa bunge. Muuguzi wa jirani ana gari kama hilohilo, yeye anaapa kwamba tangu alinunue kazi yake ni kubadilisha oili tu, na hata mume hakuwahi kumtunza hivyo. Muuza nyama anasema lake giaboksi ilikufa barabarani na mzigo ukamwozea, hataki hata kuliona tangazo lao. Mwalimu mstaafu aliliuza la kwake kwa sababu linabwia mafuta. Mzee Honi, yule aliyekuwa akishindana na Baba kugombea abiria, anasema injini haina mpinzani, ila milango siku hizi ni ya kuchezea watoto. Wanabishana mpaka chai inapoa. Na Baba anafunga kikao kwa maneno yaleyale: "Yule mzee angefufuka akaona wajukuu walivyoharibu kazi yake, angerudi kwenye miavuli."

Fundi Kesho alilifungua magurudumu yote manne, asione kitu. Baba akamwambia amezeeka kabla ya wakati. Jioni ileile ndipo akakupigia wewe na kusema aliyosema.

Sasa sikiliza. Wiki mbili zilizopita alinipeleka kuchukua majora ya vitambaa kwa muuza jumla. Mama naye akadandia, alikaa mbele. Unajua mazoea ya Baba: akiingia garini huvua kiatu cha kulia akakitupa kiti cha nyuma, eti mguu mtupu ndio unaosikia gari linasema nini. Tulifika kwenye makutano ya barabara karibu na kituo cha mafuta. Mtu wa mkokoteni wa madumu ya maji alikuwa anavuka, wala hakuwa na haraka, maana taa zilikuwa zake. Nikamwona Baba anakanyaga breki. Nasema alikanyaga, nilimwona, goti lilishuka. Lakini gari halikusimama, liliongeza mwendo. Yule mtu aliruka. Mkokoteni ukapinduka na madumu yakatawanyika barabara nzima, mengine yakapasuka. Mama alishika dashibodi kwa mikono miwili.

Hakuna aliyeumia. Narudia ili utulie: hakuna aliyeumia. Yule bwana alikuwa ameketi pembeni ya barabara ameshika kichwa, mzima, anatetemeka, na watu wameshajaa wakituambia maneno tuliyostahili.

"Breki!" Baba akapaza sauti. "Si mmeona wenyewe? Hizi ndizo breki za siku hizi!"

Nikainama kati ya viti nitazame. Ule mpira unaovishwa kwenye pedali ya breki ulikuwa umetoka, sijui tangu lini, na chuma kimebaki kitupu, ukingo wake mkali. Kapeti chini imelowa. Mguu wa Baba ulikuwa umekaa nusu kwenye breki na nusu kwenye mafuta, na unyayo umechanika hadi nikaona ndani. Nikamwambia, "Baba, umeumia." Akaniuliza ameumia wapi. Akainama, akatazama chini, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii damu ya nani?"

Mdogo wangu, nililia palepale. Sikulia kwa sababu ya kidonda. Nililia kwa sababu alikuwa anauliza kweli.

Hospitali tulipokewa na daktari binti, umri wake sidhani kama anakufikia wewe. Alimwambia Baba afumbe macho, na kila atakaposikia ameguswa mguuni aseme "ndiyo". Baba akafumba macho, akatulia kama mtoto anayengoja zawadi. Yule binti akaanza kumgusa kwa kijiti, kidole hiki, kidole kile, kisigino, unyayo. Mimi na Mama tunatazama. Baba kimya. Baada ya muda akasema, macho bado amefumba, "Daktari, anza basi, mimi niko tayari." Mama alitoka nje.

Ni sukari. Ile sukari aliyosema ameipa talaka, kumbe ilikuwa inakula mishipa ya miguu polepole. Daktari alisema kidonda kitapona tukikitunza, lakini ganzi ile hairudi nyuma, na gari asiendeshe tena. Baba alimsikiliza kwa heshima zote. Tulipotoka akasema, "Huyu binti anajua miguu. Magari hajui. Wakinirekebishia breki, nitaendesha."

Na Mama, badala ya kumkataza, ameapa kwamba akiwasha gari naye atakaa ubavuni. "Akienda, naenda naye. Mimi sitakaa humu ndani nikisubiri kuletewa habari." Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Silali vizuri. Nikisikia gari lolote linapiga honi barabarani, mkono unaniruka na mshono unakwenda upande.

Basi nikala njama na Fundi Kesho. Yule tangu tumjue hajawahi kumaliza kazi siku aliyoahidi, na mara hii uzembe wake tukauona baraka. Akaja, akaingia chini ya gari, akagongagonga, akatoka akijifuta uso, akasema masta silinda, ile pampu ya breki, imekufa, na ya gari hili haipo madukani, mpaka itoke Japani kwenyewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba akamuuliza, "Mpaka Japani?" Fundi akasema, "Mpaka Japani, mzee." Baba akalipapasa gari boneti, akasema, "Basi tungoje."

Sasa nakuja kwenye ombi langu. Mwenzako akija kuaga, naogopa Baba atamwagiza akwambie utume hicho kifaa. Nakujua moyo wako, utakimbia dukani siku hiyohiyo, hata kwa hasira, ili umwonyeshe. Usikitume. Nakusihi kwa yote tuliyolelewa nayo, usikitume. Sema unakitafuta, sema kimeagizwa, sema meli imechelewa. Na kubali gari lako liitwe bovu. Najua nakuomba jambo zito. Gari lako ni zima, limekaguliwa kila skurubu. Lakini afadhali gari liwe bovu kuliko Baba aambiwe ubovu ni wa kwake. Hilo ataweza kulibeba kijiweni. Lile jingine sidhani.

Jumatatu, asubuhi

Jana niliishia hapo, mteja akaja. Nilidhani leo nitaandika salamu tu na kufunga bahasha, lakini mambo yamegeuka.

Nimefungua mlango tu, Fundi Kesho huyu hapa, mikono kichwani. Kufika mapema kwake peke yake kulitosha kunitisha.

"Dada, nimeharibu," akasema.

"Umeharibu nini tena?"

"Ile masta silinda. Nilishikwa na woga, nikataja kitu cha kwanza kilichonijia. Imejaa madukani, dada. Hata duka la spea la hapa kona ipo. Na mzee ndiye aliyenifundisha kuifunga, kwa mikono yake, wakati mimi bado nafuta grisi kwenye spana."

Nikamuuliza, "Sasa mbona alikubali?"

Fundi akapandisha mabega. Mimi nikaanza kulipata jibu, nikakaa juu ya jora.

Alipoondoka tu, Baba akaingia, na fimbo yake na bandeji yake. Alikuwa ameshasikia, si nimekwambia habari za ukuta wetu. Akaiona karatasi. Akauliza, "Unamwandikia mdogo wako?" Nikasema ndiyo, Baba. Akasimama akichezea kile kisanduku cha vifungo, akipanga vyeupe na vyeupe.

Kisha akatoa funguo za gari mfukoni, akaziweka juu ya meza yangu ya kukatia. "Zikae kwako," akasema. "Mimi nitazipoteza."

Akafika mlangoni, akageuka.

"Mwambie asihangaike na kile kifaa. Hakipatikani." Akakohoa kidogo. "Na umwambie gari lake ni zima. Halina ubaya wowote."

Sasa niko hapa na funguo mbele yangu, na mkono hautaki kushona. Yale niliyokuomba jana yafute. Huna haja ya kumdanganya mtu. Wewe mpigie tu. Usimtaje daktari, usimtaje fundi. Muulize ameamkaje.

Mama anakusalimu sana, anasema upunguze kiburi, umekirithi mahali anapopajua. Mjomba anakusalimu. Shangazi naye anauliza utaoa lini, mimi nimemwambia aulize mwenyewe. Muuguzi wa jirani anakusalimu, tena anakuja kila siku kubadilisha bandeji bila kuombwa. Fundi Kesho anakusalimu kwa aibu.

Mungu akukinge na baridi, akupe usingizi mzuri na watu wema wa kula nao. Atulindie Baba, nawe akurudishe kwetu mzee akiwa bado anakungoja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponuna,

Dada Mkubwa