Soksi za Korongo

Dada yangu mpenzi,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na wanangu. Mimi sijambo kuanzia kiunoni kwenda juu. Huko chini ndiko kwenye maneno. Nawe bado unasuka wateja kutwa umesimama?

Nilikwambia chumba chetu cha pasi kimepata mwanamke mpya. Tulimbatiza Korongo, maana akipiga pasi hatulii: mara anainuka kwa vidole vya miguu, mara anashusha visigino. Joto lote lile, yeye kavaa soksi nene za kubana hadi magotini. Halafu kila baada ya saa mbili anajifungia stoo ya mashuka dakika kumi, anatoka uso mkunjufu. Moyo wangu ukakataa. Mtu mzima hajifungii stoo hivihivi.

Nikaanza kumvizia. Siku moja nilichungulia kwenye tundu la kitasa, nikaona nyayo mbili juu ukutani, mwenyewe haonekani. Nikajisemea huyu ana lake jambo. Wiki hiyohiyo hoteli tunayoifulia ikalalamika kuwa mashuka mawili yamepungua. Nikaunganisha mwenyewe: soksi nene, stoo, mashuka. Wenzangu nao wakatia chumvi.

Msimamizi akamwamuru avue soksi mbele yetu sote. Hamkuwa na shuka, ni miguu tu, laini kama ya msichana. Korongo akaeleza kwamba mama yake alipika shuleni miaka ishirini akiwa amesimama, mishipa ikamvimba, mwisho akapata kidonda kisichopona. Yeye hataki kufika huko, ndiyo maana hulala chali na kuegemeza miguu ukutani damu irudi. Msimamizi akasema kazini si pa kulala, akamfukuza. Nami bado nikawaza, ana maneno matamu huyo.

Mwezi uliopita mguu wangu wa kushoto ukaanza kuwaka moto kila jioni, na nyuma ya goti mishipa imejikunjakunja, rangi ya wino. Muuguzi akaniambia yaleyale: nisigande mahali pamoja, niinue visigino mara kwa mara, nipumzike miguu ikiwa juu kuliko kifua, nivae soksi za kubana za kipimo changu, asubuhi kabla miguu haijavimba. Alisema mishipa iliyokwisha kuvimba hairudi ilivyokuwa, ila nitapunguza maumivu. Niliona haya hata kumtazama.

Sasa dada, usimwambie mama. Aliyepeleka maneno kwa msimamizi ni mimi. Na yale mashuka hoteli imeyarudisha: yalikuwa ndani ya shuka jingine, pembe zimekunjwa kwa ndani. Pale kazini hakuna anayekunja hivyo ila mimi. Miguu ilikuwa inaniuma siku ile, nikayapiga pasi matatu kama moja.

Nilikwenda kwake kuomba radhi. Kabla sijafungua mdomo aliitazama miguu yangu, akanisogezea kiti, akanipima kwa utepe, akatoa soksi zake mpya, za kipimo changu hasa. Akasema nichukue, yeye siku hizi hana kazi ya kusimama. Badala ya kuomba radhi, nikasema ahsante tu. Sijui kama anajua, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Kesho nitazivaa, kisha nitaingia kwa msimamizi na yale mashuka mkononi, niseme kosa ni langu. Nikifukuzwa, usishtuke.

Nibusie watoto, nawe uinue visigino huko saluni.

Ni mimi mdogo wako, mpiga pasi.