Unene wa Elarif

Mangarivotra, Mahajanga, 1963

Dada Sittou,

Salamu kwenu nyote hapo Marodoka. Kanga imefika, nimeivaa Ijumaa.

Mwanao Nafissa umemlea vyema, dada. Wenzake wa utafiti wa lishe huku kwetu wanawaita watoto zahanati. Yeye huingia majikoni, akaona kila mtoto anapewa nini.

Kwangu nilimtolea mjukuu wangu Elarif kwa fahari, mashavu na miguu imejaa. Akaubonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki. Mbele ya majirani hakunisema. Alitabasamu tu: “Mama mdogo, leo nakula kwako.” Walipoondoka ndipo akaniambia kwamba ule si unene, ni uvimbe wa utapiamlo; wali mtupu na maji ya ukoko vinajaza tumbo tu. Tangu hapo hupita kila jioni, anaponda dagaa na maharage, anamlisha kwa mkono wake.

Marehemu dada yake Elarif naye alikuwa mnene hivyo hivyo. Alipokufa, sisi tulisema ni jicho la husuda.

Sasa Elarif amekonda, anacheka, ananivuta kanga akidai chakula. Majirani wananiuliza kwa huruma mtoto kapatwa na nini. Nawajibu: leteni wenu niwabonyeze miguu.

Mdogo wako,
Zoubeida